Zawadi Isiyozidi Machungwa Mawili

Jumatatu, 3 Juni

Kitinda wangu amechaguliwa kuwa kiongozi! Kiongozi wa msafara mzima wa mlimani, watu ishirini na wawili, wanaume wenye ndevu wakiwemo. Amenipigia simu asubuhi nikiwa na pini nne mdomoni. Nusura nizimeze.

Haya, shajara, hujambo. Sasa ndiyo nakusalimu.

Niandike kwa utaratibu, isije ikasemwa najigamba. Kitinda ni kitindamimba wangu. Ana miaka thelathini na moja, ni mpima damu katika maabara ya hospitali, na Jumamosi zake zote anapanda milima na kundi lao. Kwa nini mtu mzima apande mlima ambao haukumkosea kitu, mimi sijui, shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini kama ni lazima watu wapande, basi yeye na aongoze. Kichwa hicho kakitoa kwangu. Miguu ni ya baba yake.

Kabla ya saa nne nilikuwa nimewaambia muuza vifungo wa ng'ambo ya barabara, wateja watatu, na mtu mmoja aliyeingia kuuliza njia. Huyo wa kuuliza njia ndiye aliyenipongeza vizuri kuliko wote. Aliniita mama kiongozi.

Mume wangu nilimwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alisema "vizuri" tu. Mara ya pili akasema "vizuri sana". Ndivyo alivyo. Alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba kwa miaka thelathini. Mita haikuulizi habari za nyumbani.

Wanaondoka Jumapili ya tarehe 16. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo familia zote zinakutana kwenye ukumbi wao kuwaaga. Kila familia inampa mpandaji wake zawadi moja ya kwenda nayo, na akifika kileleni anapigwa picha ameishika. Ndio utaratibu wao. Masharti mawili: iwe ya bei nafuu, kitu ambacho mzazi yeyote angeweza kutoa bila kujinyima chakula, na isizidi uzito wa machungwa mawili. Wanaweka mzani wa jikoni mlangoni. Kinachozidi hakipandi.

Sharti la machungwa, nasikia, lilitungwa kwa sababu ya mzazi mmoja mwaka jana. Sina haja ya kujua ni nani.

Jumanne, 4 Juni

Sawa. Ni mimi.

Nilimpa sufuria ya chuma na mfuniko wake. Mlimani kuna baridi, mtu ale kitu cha moto. Kosa liko wapi? Kitinda aliibeba kutoka garini mpaka lango la mlimani, akaiacha kwa mlinzi. Nasikia mlinzi anaipikia mpaka leo, na anaisifu.

Lakini si sufuria iliyoniuma. Ni picha. Kileleni Kitinda kapigwa picha ameshika filimbi. Filimbi ya Wifi! Wifi ni dada wa mume wangu, karani mstaafu wa posta, na mwanawe Mrefu anapanda milima na Kitinda. Alimnunulia Mrefu filimbi, akanunua na ya pili, "kama Kitinda atakosa". Picha ile ipo sebuleni kwa Wifi, kwenye fremu, mkabala na mlango, hata ukiingia umefumba jicho moja utaiona. Kila nikienda pale namkuta mwanangu niliyembeba miezi tisa anacheka na filimbi ya mtu mwingine. Na Wifi ananisogezea kiti kile kile kinachoitazama.

Mwaka huu nimeapa. Picha ya kileleni itakuwa na zawadi yangu, na itatundikwa juu ya cherehani yangu, usawa wa macho ya mteja aliyesimama kupimwa.

Mchana nilifunga kiwanda changu cha ushonaji nikaenda kwa muuza mabuti ya mitumba sokoni, maana wapanda milima wote ni wateja wake. Nikamuuliza mtu wa mlimani anapenda nini kisicho ghali. Akanihesabia kwa vidole vya mkono na kuanza vya mguu: soksi nzito za sufi, tochi ya kuvaa kichwani, kamba nyembamba, chupa ya maji isiyovuja, mfuko wa plastiki wa kukinga simu, plasta za malengelenge, kofia ya kufunika masikio, njugu na zabibu kavu za kutafuna njiani. Akasema watu wanadharau vitu vidogo, lakini huko juu hakuna anayelilia kikubwa.

Nikamshukuru. Nikamwambia mimi ni mama wa kiongozi, siyo wa mtu wa nyuma. Plasta! Nikampe mwanangu plasta mbele ya Wifi?

Nimerudi nimekuta Mwalimu wa kwaya amekaa kwenye benchi langu anasubiri. Joho thelathini za njano. Nimemwambia zimebaki vifungo tu. Zimebaki na mikono pia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata. Nimeamka nalo kichwani.

Koti la mvua! La kushona mwenyewe, kwa kitambaa cha miavuli. Kila nyumba ina mwavuli uliovunjika mbavu ambao hakuna anayethubutu kuutupa. Nafuu gani ipite hiyo? Na wepesi wake ni wa unyoya. Wifi atanunua, mimi nitaumba.

Kufika jioni nilikuwa na miavuli saba. Minne ya majirani, mmoja wa muuza vifungo, mmoja wetu, na mmoja ambao mume wangu anadai haukuwa umevunjika. Nimemwonyesha ulivyo sasa, akakubali kwamba umevunjika.

Nimefumua yote. Kila mwavuli vipande vinane vya pembetatu. Vyeusi, vya maua, na kimoja kina picha ya bata. Bata nitamweka mgongoni, wa nyuma wamwone wajue kiongozi yupo wapi. Akili hiyo hawaifundishi chuoni.

Jumamosi, 8 Juni

Koti limekwisha. Sikumpima Kitinda, wanangu siwapimi, nawajua kwa jicho. Nimempa na nafasi ya kukua, kama ninavyompa kila mtu: vidole vinne kwenye pindo, viwili kwenye kila mshono. Mama yangu alinifundisha hivyo tangu nashona kwa mkono. Nguo isiyo na nafasi ya kukua ni nguo ya mtu aliyekata tamaa.

Tumelijaribu uani. Mume wangu kasimama kalivaa, mimi juu ya kiti na ndoo ya kumwagilia maua. Alisimama vizuri sana. Baada ya ndoo ya pili nikamwuliza anajisikiaje. Akasema mabega yanajisikia kama siku za kusoma mita wakati wa masika. Baada ya ya tatu akasema sasa na mgongo. Nikamwomba avumilie kidogo kwa ajili ya mwanawe. Akavumilia. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza mzee amefanya kosa gani.

Maji yanapita kwenye mishono. Kila tundu la sindano ni mlango. Nimehesabu mishono ya koti hili: arobaini na tisa.

Mume wangu anapiga chafya. Nimemchemshia chai ya tangawizi. Hakulalamika. Aliuliza tu kama Jumamosi ijayo kuna jaribio lingine.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi kwa fundi viatu wa kona. Akaniambia dawa ya tundu la sindano ni mshumaa: unasugua mshono nje na ndani mpaka unang'aa, maji yanateleza. Hata mabuti anayashona hivyo. Nikasugua kwa muda wa saa tatu nzima, mishumaa mitano. Nikamwagia kikombe cha maji. Hata tone halikupita! Nikaita watu waje waone. Muuza vifungo alikuja, Mwalimu wa kwaya alikuwepo tayari kwenye benchi. Wote wakashika, wakakiri.

Sasa niandike lililofuata, na niliandike upesi.

Nguo haitoki kwangu bila pasi. Miaka thelathini na minne ya ufundi, haijawahi kutoka nguo na mikunjo. Mikono yangu haikuniuliza. Ilichukua pasi.

Kilichosikika ni kama samaki akitiwa kwenye mafuta. Mshumaa uliyeyuka, kitambaa kikajikunja, harufu ikamfukuza Mwalimu wa kwaya mpaka barabarani. Nilipoinua pasi, mgongo wa koti ukainuka nayo. Bata hayupo tena. Pale alipokuwa kuna tundu lenye umbo la pasi, safi kabisa, mtu angedhani nimelikata kwa makusudi.

Muuza vifungo akasema labda ni dirisha la hewa. Sitanunua kwake mpaka mwezi ujao.

Jumanne, 11 Juni

Siku nne zimebaki na sina kitu. Nimeenda kwa Wifi, kumsalimia tu.

Akanisogezea kile kiti. Nikanywa chai nikitazama filimbi. Mezani kuna furushi dogo limefungwa kwa karatasi ya kaki na uzi, fundo lile la posta ambalo hata mwizi analionea huruma kulifungua. Nikalibonyeza alipokwenda kuleta sukari. Laini. Soksi za sufi! Na kando yake furushi la pili, pacha wake. Basi tena. Ni "kama Kitinda atakosa".

Sijui nini kilinipanda. Aliporudi nikamwambia, kwa huruma kabisa, kwamba nimesikia mwaka huu soksi zimekatazwa. Akauliza kwa nini. Nikasema zinaleta unyevu. Akauliza nani kasema. Nikasema uongozi.

"Uongozi si ni Kitinda, wifi?"

Nikasema ndiyo, lakini uongozi ni mpana.

Akanitazama kama anavyotazama barua isiyo na stempu. Kisha akanimiminia chai nyingine, akasema ameshukuru kuambiwa mapema.

Nimerudi kwa mguu nikiimba.

Jumatano, 12 Juni

Wifi ameuliza kwenye kundi la simu la familia zote. Watu sabini. Kaandika kwa adabu ya kikarani: "Naomba uongozi uthibitishe taarifa niliyopewa na mama wa kiongozi kwamba soksi zimekatazwa." Kitinda akajibu kwamba soksi hazijakatazwa, na kwamba soksi ni zawadi nzuri sana. Watu kumi na wanne wakaweka vidole gumba. Kidole cha mwisho ni cha mume wangu. Anasema hakusoma, aliona wenzake wanaweka.

Nimezima simu nikasema chaji imekwisha.

Jioni Kitinda kaja mwenyewe. Moja kwa moja kutoka kazini, bado ananukia dawa ya maabara. Nikajiandaa kwa maneno. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaona koti limetundikwa, akalivaa. Likamfika kwenye visigino. Akapitisha mkono kwenye tundu la mgongoni, akanipungia vidole kwa nyuma. Tukacheka mpaka baba yake akaja kutazama.

Kisha akauliza mbona kubwa hivi. Nikamweleza habari ya nafasi ya kukua.

"Mama, nina miaka thelathini na moja. Sikui tena."

Nikamwambia hakuna ajuaye.

Akashika pindo la koti, akalikunja, akalikunjua. Huyu mtoto akiwa na jambo namjua tangu ananyonya. Nikasogeza kiti. Ndipo akasema. Mwaka jana Mrefu alipotea kwenye ukungu kwa muda wa saa tatu, karibu na kilele, alipobaki nyuma kufunga kamba za viatu. Wifi hajui mpaka leo. Wenyewe walikubaliana wasimwambie. Walimpata amekaa chini ya jiwe, midomo imebadilika rangi. Filimbi aliipuliza, lakini kwenye ukungu sauti inatoka kila upande.

"Safari hii ni ishirini na wawili, na wote wako mikononi mwangu. Nikiwa mbele siwaoni wa mwisho. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, Mama. Siyo zawadi."

Nikamvua lile koti nikalikunja.

Akainama akaokota chini mabaki ya kitambaa, yale ninayofagia kila jioni. Akachukua mkanda mmoja mrefu, akaufunga kwenye mguu wa kiti, akarudi nyuma mpaka mlangoni akautazama. Akasema wa mbele anafunga hivi kwenye kichaka au jiwe kila baada ya hatua hamsini, wa nyuma wanafuata, na wakati wa kushuka mtu wa mwisho anavifungua vyote ili mlima ubaki safi. Anataka sitini. Vyepesi, vya rangi ya kuonekana.

"Nipe hivi, Mama. Sitaki kingine."

Takataka za sakafuni! Mama wa kiongozi asimame mbele ya familia ishirini na mbili na takataka za sakafuni. Nilifungua mdomo. Lakini aliusema ule "Mama" wa alipokuwa na surua, akitaka nisitoke chumbani. Nikaufunga.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwaga gunia lote la mabaki. Msimu wa sare za shule. Bluu iliyoiva, kijivu, kahawia. Nimetundika vipande uani, nikamwambia mume wangu afumbe macho nusu ajifanye yuko kwenye ukungu. Hakuona hata kimoja. Alifumba yote, lakini hata alipofumbua nusu hakuona.

Kiwanda kizima kina kitambaa kimoja tu kinachoonekana. Njano. Joho thelathini za kwaya, zimekwisha, zimepigwa pasi, Mwalimu wao anazifuata kesho saa nane.

Nimezitazama. Zimenitazama.

Hebu tufikiri kama watu wazima. Kila joho nimeiwekea nafasi ya kukua, vidole vinne kwenye pindo, imekunjwa kwa ndani, hakuna anayeiona. Nani atakua? Wanakwaya wote wamefika mwisho wao. Sauti ya pili wengine wameanza hata kupungua. Na kila fundi anajua kwamba kipande kisicho na kazi ni baki, na baki ni la fundi. Pindo la vidole vinne ambalo hakuna wa kulikulia ni baki lililosahauliwa ndani.

Nimefumua mapindo thelathini. Nimekata, nimekunja upya kwa kidole kimoja. Urefu wa joho haukupungua hata unywele. Mikanda sitini ya njano, kila mmoja mrefu kama mkono.

Halafu nikaona haitoshi. Mkanda ni mkanda. Nani atajua umetoka kwangu? Nimepiga pindo kila mmoja pande zote mbili, na mwishoni nimetarizi kwa uzi mwekundu: MAMA. Mara sitini. Vidole vimekuwa kama vya mtu aliyechuma miiba. Lakini sasa akiushika kileleni, hata aliye mbali atasoma.

Ijumaa, 14 Juni

Mwalimu wa kwaya kachukua joho zake. Kageuza moja, kaona pindo jembamba, kauliza mbona safari hii sivyo alivyozoea. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa, kwaya kubwa zote. Akasema kweli zinaonekana za kisasa. Akaenda amefurahi.

Nimepima mikanda kwa kiango cha kutundikia nguo nikikifanya mzani, machungwa mawili upande mmoja, mikanda upande wa pili. Kiango kimekaa sawa sawa kabisa. Machungwa nilichagua makubwa.

Jumamosi, 15 Juni

Kuwaaga. Nilivaa gauni la zambarau. Mume wangu alivaa koti lake la kustaafu.

Mlangoni mzani, na nyuma ya mzani Kitinda mwenyewe, na kalamu sikioni. Jinsi alivyosimama! Kila aliyekuwa kwenye foleni nilimwambia yule ni wangu. Wengine waliniambia wameshaambiwa.

Nikaweka furushi. Mshale ukaenda, ukapita mstari. Kidogo tu, kama upana wa uzi. Ni tarizi na yale mapindo. Nikamwambia Kitinda, kwa sauti ya chini, kwamba mzani wake unahitaji fundi.

Akanitazama. "Mama, imezidi."

Mbele ya wote. Akanitaka nipunguze kama mzazi mwingine yeyote. Nikavuta furushi kwangu, na huku moyoni nasema, tazama anavyoongoza, hapendelei. Sikujua nilie au nishangilie. Mikono yangu haikuweza kuchagua mikanda ipi ibaki. Ipi? Kila mmoja nimeuandika mwenyewe.

Ndipo Wifi akasogea. Furushi lake la soksi lilikuwa jepesi. Akafungua lile fundo lake la posta, yeye mwenyewe, akahesabu mikanda saba kutoka kwangu akaitia kwenye soksi za Mrefu, akafunga tena. Mshale ukatulia ndani ya mstari kwa furushi langu na kwa lake. Alinigusa kiwiko tu akaenda kukaa.

Ingekuwa afadhali angenisema.

Jumatano, 19 Juni

Picha zimefika kwenye simu saa tano asubuhi. Wamefika wote ishirini na wawili. Nimeketi chini pale pale, juu ya gunia la mabaki, nikamshukuru Mungu.

Kisha nikaitazama ya Kitinda.

Mikono mitupu.

Ameinua yote miwili juu, anacheka, meno yote nje, nyuma yake ukungu mweupe. Hakuna kitu. Nimeivuta kwa vidole viwili mpaka nikaona kucha. Nimetafuta njano kwenye kofia, shingoni, kwenye begi. Hakuna hata uzi. Pembeni yake Mrefu amevaa soksi za Wifi mikononi kama glavu, anapunga.

Mume wangu kaja kutazama. Akasema, mtoto kafika. Nikasema ndiyo, kafika. Akaniletea chai, akakaa na mimi kwenye gunia. Miaka yote hii sikujua kwamba gunia lile linatosha watu wawili.

Wateja leo nimewaambia waje kesho. Wamezoea, hawakujua kama leo ni kwa sababu nyingine.

Alhamisi, 20 Juni

Kitinda kapiga simu. Wameshuka, wako langoni, wanakunywa uji aliowapikia mlinzi.

Sikutaka kumwuliza. Nikamwuliza.

Akasema jana alfajiri ukungu uliwashukia hatua chache baada ya kuanza kupanda. Huoni mkono wako mwenyewe. Wengine walitaka kurudi. Yeye akatangulia akifunga, kichaka, jiwe, kichaka, na nyuma wakaja mmoja mmoja, njano mpaka njano. Mrefu ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa. Aliomba mwenyewe kukaa nyuma. Anasema alikuwa haoni dunia, anaona neno moja tu kila hatua hamsini. Kila akilisoma anapiga hatua nyingine. Walipofika karibu na juu ile sitini ya Kitinda ikawa haitoshi, wakatumia na ile saba iliyokuwa kwenye soksi.

Hapo nikamkumbusha kwamba saba ilitoka kwenye hiyo hiyo sitini. Akasema, Mama, ngoja nimalize.

"Ilikwisha. Wa mwisho niliufunga hatua ishirini chini ya kilele. Ndiyo maana nilifika mikono mitupu. Nilikupungia wewe."

Nimeweka simu chini nikafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Alasiri Wifi kaja. Mrefu amemwambia yote, na ya mwaka jana pia. Alikaa kwenye benchi, mkoba juu ya magoti, akakoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akaniomba mkanda mmoja, wakishaileta, auweke kwenye fremu sebuleni. "Ile picha ya filimbi nitaitoa, wifi," akasema.

Nikamkumbatia. Tukalia kidogo, kwa kiasi. Nikamwambia sisi ni ndugu, mambo ya picha ni ya kitoto, mlima ni mlima, watoto wamerudi salama na hilo ndilo la maana. Niliyasema yote hayo na nilimaanisha kila neno.

Baada ya kuondoka nikafikiri kidogo.

Hivi kweli mama wa kiongozi aliyeokoa watu ishirini na wawili atundike ukutani picha ya mikono mitupu? Mteja asiyejua habari ataonaje? Atadhani mtoto hakupewa kitu. Picha lazima ipigwe upya. Kilele ni mahali pa juu, na sisi uani tuna tangi la maji. Kitinda atapanda juu ya tangi. Mume wangu atachoma majani mabichi nyuma, ukungu upatikane. Nami nashona bendera ya njano, upana wa shuka ya kitanda kikubwa, na neno MAMA herufi za urefu wa goti. Kitambaa nimekwisha kupata: joho zimerudi kupunguzwa shingo, na nimegundua mikononi nako kulikuwa na nafasi ya kukua.

Kundi zima la wapandaji nimewaalika. Familia zao nimewaalika. Muuza mabuti, fundi viatu, mlinzi wa langoni na sufuria yake, Wifi na kamera yake aliyopewa alipostaafu posta. Mwalimu wa kwaya aje na kwaya yote. Mtu akiimba hatazami mikono yake. Muuza vifungo nimemsamehe, ana viti. Kitinda bado sijamwambia, apumzike kwanza miguu. Mume wangu atajua viti vikifika.

Jumapili, tarehe 23, saa tisa alasiri, uani kwetu. Waje wote.